Kolone Aliyoikataa Shefu

Nitamwita Shefu, maana ndivyo tulivyomwita wote, hata Mama aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, mbele ya mlango wetu, ambaye hakuwa mfanyakazi wake wala hakuogopa mtu. Jina lake silitaji. Nimeshaandika majina ya watu mengi mno, na kuna orodha moja ambayo mpaka leo sijui iko mikononi mwa nani. Ndani yake mna kolone moja, safu moja tu inayoshuka kwenye ukurasa, niliyoiweka mimi kwa vidole vyangu hivi. Shefu aliikataa, mimi nikaiweka. Kwa hiyo ukisikia hasira katika maneno yangu, ujue si ya kumkasirikia yeye.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, sijui, na sikuwahi kuuliza. Nilimkuta tayari mtu mzima, mrefu, mwembamba, na kravati shingoni hata jua la saa nane likichoma mabati ya Kasenga, mtaa wetu wa Uvira. Biro yetu, ndiyo ofisi, ilikuwa vyumba viwili nyuma ya fundi cherehani: ordinateri nne, yaani kompyuta, betri mbili kubwa, paneli ya jua juu ya bati. Tulitengeneza programu za shule, za duka la dawa, za vituo vya afya, za vyama vya watu wa ziwani. Wapo wanaodhani kazi hii inafanyika mahali penye vioo na baridi ya mashine. Yetu ilifanyika cherehani ikilia ukutani na harufu ya ndagala ikiingia dirishani, na wateja walilalamika kama wateja wa popote pale.

Ukitaka kumjua Shefu, ungemtazama siku ya kutafuta mfanyakazi. Alikuja kijana mmoja na bahasha iliyojaa vyeti, suti imenyooka, Kifaransa kinateleza. Shefu hakuifungua bahasha. Akamuuliza:

“Weye umeshaharibu nini?”

“Hakuna kitu, Shefu.”

“Kabisa?”

“Kabisa. Minye niko muntu wa kuangalia sana.”

Shefu akamrudishia bahasha yake kwa mikono miwili, kwa heshima zote. “Basi haujatumika bado. Uende. Siku utaharibu kitu, urudie.”

Mimi nilipoulizwa, nikasema niliwahi kufuta pointi za mtihani za darasa zima nikiitengeneza mashine ya direkta wa sekondari. Akakunja uso kama mtu aliyeguswa jino bovu. Akataka kujua zilirudi baada ya siku ngapi. Nikamwambia hazikurudi, walimu walisahihisha karatasi zote upya, na yule wa hesabu mpaka leo hanisalimii. Hapo ndipo alipoinuka akanipeleka nje kwa Mama wa ndagala.

Huo ulikuwa mtihani wa pili na wa mwisho. Unasimama mbele ya beseni la samaki, unamweleza Mama programu ambayo ungemtengenezea. Mama anakusikiliza huku anafukuza nzi. Akisema “eeh, halafu?” umepita. Akianza kuita wateja wewe ukiwa bado unaongea, umeanguka, na hakuna rufaa. Niliongea jasho likinitiririka mgongoni. Mama akanikatiza katikati, akauliza habari ya umeme.

“Na kuran ikienda?”

“Kuran ikienda, mama, nayo inalala. Kuran ikirudi, inaamukia pale pale ilibakia.”

“Sawa sawa bwana yangu,” akasema. Watu wakacheka, nami nikapata kazi.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Lo! Alikuwa na vituko vya kumkimbiza malaika. Alitukataza kula karibu na mashine, kisha yeye mwenyewe akatafuna karanga juu ya kibodi mpaka herufi R ikagoma. Alituhubiria subira, “kazi ya mbio inakulaka muntu,” lakini ekra, kioo cha mashine, ikichelewa kufunguka alibonyeza mara kumi na kuitukana kwa Kifuliiru. Alisema habari ya mteja haitoki nje ya mlango, hata mke wako usimwambie. Halafu anapokea simu, anapaza sauti, na avenyu nzima inajua duka gani la dawa limeishiwa na dawa ya kuhara. Tulimcheka mbele yake. Alikubali kuchekwa, ila si kwa habari ya kravati.

Zilipofika zile mashine zinazojibu, unaziuliza swali zinakuandikia kodi nzima, maandishi yote ya programu, kabla hujameza mate, tulidhani tumepona. Shefu alizitazama siku tatu. Siku ya nne akasema, “Inajua kodi ya dunia yote, lakini haijapita hata siku moja mu avenyu yetu.” Akaturuhusu kuzitumia kwa sharti moja: usipeleke kwa mteja mstari ambao huwezi kumweleza Mama wa ndagala. Wiki moja baadaye nikamfumania anaiomba hiyo hiyo mashine imwandikie hotuba ya harusi ya binti yake. Aliifunga ekra haraka, akakohoa. “Nilikuwa ninaipima akili,” akasema. Kwenye harusi hotuba ilikuwa nzuri kupita kiasi, watu wakalia, na mimi nilikuwa nikiuma ndani ya midomo ili nisicheke.

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya mwaka ule mto Mulongwe ulipoingia majumbani. Chama kimoja cha mtaa kilitaka kugawa matela ya kulalia na sufuria, kikatuomba programu ya kuandika familia zilizopoteza vitu, na mtu asiandikwe mara mbili. Mimi, mtoto wa Uvira, niliyekulia humu humu, nikaweka kanuni: namba moja ya simu, familia moja. Nikiona namba imejirudia, futa. Niliona nimefanya kazi safi sana. Siku ya kugawa, mama mmoja akafika biro na magoti ya tope, akapiga meza.

“Nani anasema minye siko? Niko! Munione!”

Nilianza kumweleza habari ya namba. Shefu akaninyamazisha kwa kidole. Akachukua simu, akaipiga ile namba iliyokuwa imejirudia, akaweka sauti ya nje. Mzee mmoja akapokea. Shefu akaomba kuongea na baba fulani wa kwenye orodha. “Ngoja, ninamuita,” mzee akasema, na baba akaja. Akaomba mama fulani. Akaja. Akaomba mwingine, akaja anahema, alikuwa kisimani. Watu kumi na mmoja walikuja kwenye simu ile moja, kwa sababu mzee ndiye mwenye paneli ya kuchajia, na pale kila mtu namba yake ni ile. Nilijua hivyo! Hata nyumbani kwetu tulitoa namba ya jirani miaka mingi. Lakini nilipokaa mbele ya mashine nilisahau ninakotoka, nikafikiri kama mtu ambaye kila mtoto kwao ana simu yake mfukoni.

“Umesikia?” Shefu akaniambia. “Hii haiko namba ya muntu. Iko parseli muzima, kiwanja na bantu yake bote.”

Hakunifukuza. Alinikalisha mpaka jioni nikarudisha familia zote, na yule mama akakaa karibu yangu akinisomea majina kutoka kichwani mwake, moja baada ya jingine. Toka siku ile Shefu akawa na msemo ambao ulinichosha masikio: “Mashini haina haya. Haya uilete weye.”

Kulikuwa na upande wake mwingine, ambao hatukuuchekea. Lori likipita kwa kishindo barabara kubwa, kabla hajajua ni la bia au la askari, alikuwa ameshafunga ekra. Ndipo anainama chini ya meza. Ekra kwanza, mwili baadaye. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akanijibu bila kuniangalia: “Nilishaona karatasi moja yenye majina ya bantu ikisomwa kwa sauti barabarani. Kitu ukishaandika, kinatembea bila weye.” 

Sasa nifike kwenye ile kolone.

Watu walikuwa wakikimbia mapigano bondeni Ruzizi wamebeba magodoro kichwani, kutoka Mutarule na vijiji vya karibu, wakipokelewa na ndugu mitaani Kasenga na Mulongwe. Shirika moja dogo la msaada likatupa kazi ya kuwaandika. Programu ilikuwa ya Shefu, na nitasema ukweli, ilikuwa nzuri: jina, watu wangapi nyumbani, wagonjwa, mtaa wanaolala. Basi. Kisha msimamizi wa shirika akaja na fomu yake. Alitaka kolone ya kabila na kolone ya kijiji walichotoka. Akasema wakubwa wake wanaziomba.

“Kijiji niko naelewa,” Shefu akasema. “Hata icho sikipendi. Kabila ni juu ya nini? Unga wa muntu mwenye njaa uko na kabila?”

“Shefu, ni takwimu tu.”

“Muji uko namna hii, bunduki ziko kila fasi, na weye unataka karatasi moja yenye jina, kabila na nyumba mwenye muntu analala? Unajua unatengeneza nini?”

“Unaongezea mambo.”

“Mimi siandike.”

Msimamizi akaondoka, kazi ikaondoka naye. Mimi nilichemka. Nilikuwa nimeichoka kravati, nimechoka karanga, nimechoka ule msemo wa haya na mashine. Nikamwambia mbele ya wenzangu, “Shefu, weye unaogopa hata kivuli chako!” Alitazama mikono yake juu ya meza, na kama angenipiga kofi ningefurahi zaidi.

Siku mbili baadaye msimamizi akanipigia simu. Kazi ya kudumu, ordinateri mpya, kiti chenye magurudumu. Hakuniuliza nimeharibu nini, hakunipeleka mbele ya beseni la samaki. Aliangalia cheti changu, akasema karibu. Kolone ya kabila niliitengeneza alasiri moja, mashine inayojibu ikinisaidia, na haikuuliza swali hata moja. Nilijiambia: kama si mimi, mwingine angefanya. Maneno hayo yanaingia mdomoni kwa urahisi sana, jihadhari nayo.

Nilikwenda kuandika watu mimi mwenyewe, nikakaa uani kwa shule moja chini ya shiti la plastiki. Wengi walijibu haraka. Wengine walisitasita. Mama mmoja mzee wa Mutarule, kitambaa cha kijani kichwani, alinyamaza muda mrefu nilipomuuliza kabila. Akaangalia nyuma, akaangalia pembeni.

“Unaulizia nini ile, mwanangu?”

“Ni mashini inaomba, mama,” nikasema.

Uongo mtupu. Mashine haikuomba kitu. Akaniambia kwa sauti ya chini, nikaandika, nikamwita anayefuata.

Haikupita miezi mingi. Asubuhi moja milio ya risasi ilianza juu, upande wa milima, kisha ikashuka. Maduka yakafungwa yakiwa hayajafunguka vizuri. Watu wakashika njia ya Kalundu kutafuta mashua, wengine njia ya mpaka. Msimamizi akavuka na gari la shirika bila kutuaga. Nilipompata kwa simu, swali langu lilikuwa moja: ordinateri ya orodha iko wapi?

“Iko biro,” akasema. “Imefungwa na funguo.” Laini ikakatika.

Nilifuta nakala yangu. Lakini ya biro ilikuwepo: jina, kabila, nyumba wanayolala. Na ile mashine haikuwa na siri yoyote ya kufungulia, kwa sababu msimamizi alikuwa akisahau neno la siri kila Jumatatu, akaniagiza nilitoe. Nililitoa. Nikakaa kitandani, na mtu mmoja tu ndiye aliyenijia kichwani.

Nilimkuta Shefu nyumbani kwake Kasenga, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafunga betri kwa blanketi. Hatukuwa tumeongea toka nilipotoka kwake. Nilipiga magoti kabla sijajua ninapiga magoti. Nikamwambia yote, hata ya neno la siri.

“Simama,” akasema. “Biro yao iko upande gani?”

“Shefu, barabara ni mbaya.”

“Nimekuuliza upande gani.”

Tulikwenda kwa miguu, tukipita nyuma ya nyumba. Mji uliojaa pikipiki ulikuwa kimya, isipokuwa mbuzi mmoja aliyefungwa mlangoni kwa mtu na kusahauliwa. Tulisikia vijana wakikimbia, tukajibana ukutani mwa kanisa mpaka wakapita. Shefu alikuwa ananishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto kwenye maji. Nilikuwa nikiomba Mungu jambo moja tu: mlango uwe umefungwa.

Mlango ulikuwa umelala chini. Viti vimekwenda, hata kile changu cha magurudumu. Mezani palibaki mstatili usio na vumbi, pale ordinateri ilipokuwa imekaa. Labda aliyeichukua ni mwizi tu, anataka kuiuza, hata hatajua kuifungua. Labda siyo.

“Nani ameichukua, Shefu?”

“Sijue. Na weye hautajua.”

Nilingojea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, niliyahitaji. Yeye akaokota kipande cha karton sakafuni, akatoa kalamu mfukoni.

“Unakumbuka bangapi?”

“Nini?”

“Majina. Ni weye uliandika. Unakumbuka bangapi?”

“Shefu, walikuwa mamia!”

“Ikala. Funga macho.”

Nikaketi chini, nikafunga macho. Mwanzo giza tupu. Kisha wakaanza kuja, na hawakuja kwa herufi wala kwa mtaa. Walikuja wale waliositasita. Yule baba aliyeng'ata mdomo. Wale dada wawili waliotazamana kabla ya kujibu. Kila aliyenyamaza kidogo kabla ya kuniambia, uso wake niliuona, na jina likaufuata, na nyumba ikafuata jina. Nilitaja, Shefu akaandika. Wa kumi na tisa ndiye wa mwisho. Nilijikamua, hakutoka mwingine, nikaanza kulia kwa sauti.

“Na wale wengine?”

“Wengine watasikia kwa aba kumi na tisa, ao hawatasikia.” Akakunja karton, akaiweka ndani ya soksi yake. “Tuende.”

“Tuende tuwaambie nini? Tutawatisha bure.”

“Haiko bure. Ni habari yao. Muntu akitaka kubakia abakie, akitaka kuhama ahame, lakini akiwa anajua. Na tukishamaliza, iyi karton tunaitia mu moto.”

Nyumba ya kwanza ilikuwa Mulongwe, ukuta wa udongo, alama ya maji ya mafuriko bado imepita katikati yake. Nilibisha. Milio ilikuwa imesogea upande wa ziwa. Akafungua yule mama mzee wa kitambaa cha kijani, mikono myeupe kwa unga wa muhogo. Aliniangalia, akamwangalia Shefu, akaona kalamu mfukoni mwake, na mabega yake yakashuka.

“Mumekuya tena kuandika?”

Nilimgeukia Shefu aseme yeye, mkubwa, mwenye maneno. Alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu, macho chini, amefunga mdomo. Nikaelewa kwamba hatanisaidia.

“Apana, mama,” nikasema. “Nimekuya kukuambia kile niliandika juu yako.”